Ndugu yangu anakopa, simu zinapigwa ofisini kwangu

Assalaam aleikum Somo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni, na kazi yangu ni ukarani wa hesabu katika ofisi ya mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Nakuandikia kwa sababu sina tena wa kumwambia. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki nyingi yuko njia ya Malaba. Dada yangu mdogo ameolewa Lamu. Na mama, ambaye ndiye ningemlilia, ndiye anayenifunga mdomo.

Tumezaliwa watatu, wa kiume ni mmoja tu. Ana miaka 31, hajaoa, anakaa na mama Majengo katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Tangu utotoni huyu hakukoseshwa kitu. Kipande cha nyama kilichobaki ni chake, na kosa lake tunagombezwa sisi. Tulikua hivyo tukazoea. Sasa ni mtu mzima na mambo ni yaleyale, ila gharama yake imepanda.

Mwaka huu ameingia kwenye mikopo ya simu. Si mmoja wala si miwili. Analipa huu kwa ule, ule kwa mwingine, na akibanwa anazima laini. Wakopeshaji wakaanza kunitafuta mimi. Mwanzo zilikuwa meseji: “Mwambie ndugu yako alipe, la sivyo tutawatangazia watu wote mnaojuana nao.” Nikaona haya, nikalipa. Zikaja tena, nikalipa tena. Hiyo ya mwisho niliomba advansi kazini, na mume wangu nikamwambia ni karo ya watoto.

Mwezi uliopita wakapiga simu ya ofisi. Nadhani ndugu yangu alikuwa ameihifadhi namba ile kwenye simu yake. Bosi ndiye aliyepokea, akaiweka spika kwa kuwa alikuwa akisaini karatasi. Mwanamke wa upande wa pili akaanza kufoka: hapo ofisini mna karani mwizi, ukoo mzima ni wa wezi, wateja wenu wajihadhari. Tulikuwa wanne mle ndani, na mteja mmoja ameketi akisubiri hati zake. Bosi hakusema neno. Alikata simu, akamaliza kusaini, kisha akaniambia kwa upole nimletee ufunguo wa droo ya pesa za matumizi. Somo, ufunguo ule nimeushika tangu niajiriwe. Mpaka leo hajanirudishia.

Nilipotoka kazini sikwenda nyumbani, nilikwenda moja kwa moja Majengo. Nikamkuta barazani anakunywa kahawa na wenzake. Nikamwita ndani, nikamweleza. Akacheka. “Si ungewaambia tu hunijui.” Mama akaingia kati: “Mfichie ndugu yako. Mwanamume ni mmoja tu nyumba hii.”

Na huyuhuyu, ilipokuja harusi ya binti ya mjomba wetu, aliandika kwenye grupu la familia kwamba yeye anaangusha mbuzi wawili. Wajomba wakamwombea dua, shangazi zetu wakamtumia vigelegele. Siku yenyewe alikuja na kanzu mpya na kofia ya viua, akawekwa mbele na wazee. Mchinjaji alimpigia mama kudai pesa zake, mama akanipigia mimi. Mbuzi nililipa mimi.

Mengine nakueleza kwa ufupi. Kodi ya vyumba viwili vya mbele, shilingi 12,000 kwa mwezi, huipokea yeye. Pesa ninazomtumia mama anamtolea yeye, kwa sababu mama haoni vizuri herufi za simu, na siku hizi mama analalamika kuwa nikituma, zinakatwa kabla hajazishika. Meseji za madeni nilizoziona, mikopo mingi ameichukua usiku wa Jumamosi na Jumapili.

Zote nimezipiga picha. Nataka kuziweka kwenye lile grupu la familia, kila mmoja ajue alikula mbuzi wa nani. Mama ameapa nikifanya hivyo hanipi radhi. Somo, nimfichie mpaka lini?

Dada Mkubwa, Kisauni

SOMO ANAJIBU

Waalaikum salaam, mwanangu. Pole kwa hilo la ufunguo. Anayeshika pesa za watu kazini mali yake kubwa ni kuaminiwa, na wewe umeguswa papo hapo kwa kosa ambalo hukulifanya. Tutalifikia. Lakini kuna jambo katika barua yako umelipita mbio, nami siwezi kulipita: pesa za mama kukatwa kabla hajazishika.

Anayepokea pesa kwa M-Pesa hakatwi kitu kwa kupokea. Ukimtumia mama elfu tatu na salio likasoma elfu moja, mara nyingi maana yake ni kwamba laini ile ina deni la Fuliza, ile huduma iliyoanza 2019 inayomwezesha mtu kutumia zaidi ya alicho nacho, kisha ikajilipa yenyewe kwa chochote kinachoingia. Mama yako haoni herufi. Namba yake ya siri anaijua anayemtolea pesa. Basi wewe unatuma za dawa na mboga, nazo zinakwenda kulipa deni ambalo mama hata hajui kuwa analo, tena kwa jina lake na kitambulisho chake.

Kukopa kwa jina lako mwenyewe kisha ukazima laini ni tabia mbaya. Kukopa kwa laini ya mama asiyeona ni dhuluma, na hapo ndipo pa kuanzia.

Nenda Majengo wakati ndugu yako hayupo. Kaa na mama kitandani, chukua simu yake, mfungulie meseji za M-Pesa umsomee moja baada ya moja kwa sauti: tarehe, kiasi, kimekwenda wapi, kimebaki nini. Usitie neno lako. Usiseme “unaona mwanao.” Msomee tu, naye akikwambia rudia, rudia. Mama amesikia malalamiko yako kuhusu huyu kijana kwa miaka, na kila mara ameyasikia kama wivu wa dada. Meseji za simu yake mwenyewe hatazisikia hivyo. Ukikuta hakuna mkopo wowote na ni mimi niliyedhani vibaya, alhamdulillahi, mtakuwa mmepata utulivu kwa saa moja ya kusoma.

Mkikuta deni, lilipeni hilo moja, kwa kuwa ni la jina la mama, kisha mjitoe kwenye huduma hiyo. Mbadilishe namba ya siri siku hiyohiyo, aibonyeze mama kwa kidole chake hata kama itachukua muda, na wewe utazame pembeni. Piga pia *106# kwenye simu yake uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Ikitokea laini asiyoijua, nendeni naye kwenye kampuni ya simu waifunge. Fanya hivyo na kwa kitambulisho chako. Kuanzia hapo mama akihitaji kusomewa meseji, hata mtoto wa jirani anayesoma darasa la sita anaweza kumsomea, na namba ya siri asiijue.

Sasa ofisini. Umenyamaza mwezi mzima, na bosi wako naye kanyamaza, na katika kimya hicho anajaza mwenyewe. Ukimya wako anaweza kuusoma kama wa mwenye hatia. Mwombe dakika kumi faragha, nenda na barua fupi uliyoiandika na kuitia saini: deni lile ni la ndugu yangu, sikukopa, sikuwa mdhamini, sikutia saini popote, namba ya ofisi ilichukuliwa bila idhini yangu wala yako. Ambatanisha zile picha ulizopiga; kazi yake ni hiyo. Mwambie pia ukweli wa ile advansi. Kisha mwombe ahesabu pesa za droo mbele yako tangu siku uliyokabidhi ufunguo kurudi nyuma, alinganishe na vitabu. Karani safi hana sababu ya kuogopa hesabu, na bosi akishaiona kwa macho yake atakuwa na la kumjibu yule mteja aliyekuwa ameketi pale. Ufunguo usiudai. Akiridhika ataurudisha mwenyewe.

Na hao waliopiga simu nao wana sheria juu yao. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za watoaji mikopo ya kidijitali, za mwaka 2022, zinamkataza mkopeshaji kutisha, kutukana na kuaibisha ili alipwe, na zinamkataza kuchota namba zilizo kwenye simu ya mkopaji akazitumie watu meseji pale anapochelewa. Benki Kuu huchapisha orodha ya waliopewa leseni. Tazama kama hao wako humo, maana asiye na leseni hana hata ruhusa ya kufanya biashara hiyo. Malalamiko yako juu ya namba yako na ya ofisi peleka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ofisi iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Sheria hiyo inataka malalamiko yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Usidhani ni ofisi ya karatasi tu: mwaka 2023 iliitoza faini ya karibu shilingi milioni 3 kampuni moja ya mikopo ya simu iliyokuwa ikiwatisha watu kwa namba ilizozipata kwa wengine. Andika tarehe, saa, namba iliyopiga na maneno yaliyosemwa, na umwombe mwenzako mmoja aliyesikia awe shahidi.

Wakipiga tena, usibishane. Waambie: “Mimi si mkopaji wala mdhamini. Namba hii mmeipata bila idhini yangu, ifuteni. Nimeshapeleka malalamiko.” Kata. Na usilipe. Kila ulipolipa, waliandika mahali kwamba dada huyu akitishwa anatoa, ndiyo maana wakapanda kutoka meseji hadi simu ya ofisi. Ndugu yako naye alijifunza hilohilo. Dawa ya deni kulipa, ni kweli, lakini dawa hunywa mgonjwa. Wewe umeinywa yeye akiwa barazani na kahawa yake.

Tuje kwenye grupu. Usiweke zile picha, mwanangu. Naelewa hamu hiyo, na sioni kama una moyo mbaya. Umelishwa fedheha ya mtu mwingine muda mrefu na unataka mwenyewe aionje. Lakini wale wakopeshaji walikutishia nini? Kwamba watawatangazia watu wote mnaojuana nao. Ukituma picha zile utakuwa umewakamilishia kazi. Halafu fikiria saa ya pili baada ya kutuma. Wajomba hawatazungumza juu ya mbuzi. Watazungumza juu yako, dada aliyemvua nguo ndugu yake mbele ya ukoo. Yeye aliyekosa atahurumiwa, na mama atafunga mlango. Picha zitasambazwa kwa watu ambao hata hawajui mlianzaje.

Radhi ya mama ni nzito, sitakwambia uichukulie wepesi. Ila litazame vizuri aliloliomba. Amekuomba umfichie ndugu yako. Wewe umemfichia na ukamlipia juu yake, mpaka mambo hayo mawili yamekuwa kitu kimoja kichwani mwako. Unaweza kumtii mama katika lile la kwanza, usimtangaze mtu popote, na bado usitoe shilingi. Akikwambia lipa, mjibu kwa adabu: “Mama, kumfichia nimemfichia. Pesa ya kumlipia sina, na niliyokuwa nayo ilikuwa ya watoto wangu.” Litamuuma. Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mama yako ameshaanza kulia bila kujua kwa nini pesa zake hazifiki.

Tena nakuomba umwonee huruma. Wewe uko Kisauni, mwenzio yuko Lamu. Usiku mama akipata homa, anayelala nyumba ile ni huyo kijana. Ukimwona anamtetea kwa kila jambo, sehemu moja ni mapenzi ya kupindukia kwa mtoto wa kiume, hilo nalikubali na silipendi. Sehemu nyingine ni hofu ya kubaki peke yake. Kabla hujambana mwanawe, mhakikishie yeye kwanza. Panga na dada yako nani atakuja lini, na jirani gani wa kumpigia usiku. Mama akijua hatatupwa, ulimi wake utalegea.

Baada ya hapo itisheni kikao kidogo: mama, ndugu yako, wewe, dada yako kwa simu, na mjomba mmoja ambaye kijana anamstahi. Mmoja, si wote, na asiwe yule mwenye harusi. Hapo zungumzeni kodi. Ile nyumba ni ya marehemu baba, na baba hakumrithisha mtu mmoja. Kama hakuacha mke mwingine wala mzazi wake hai, na madeni yake yalilipwa, basi mama ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, na kinachobaki kinagawanywa mafungu manne: mawili ya ndugu yako, moja lako, moja la dada yako. Katika shilingi 12,000 mama apate 1,500, ndugu yako 5,250, na kila mmoja wenu mabinti 2,625, baada ya kutoa matengenezo ya nyumba. Mkitaka kumwachia mama mafungu yenu, atakuwa na 6,750 kila mwezi zake halali, zinazotoka kwa mpangaji hadi mkononi mwake. Na ndugu yako ana 5,250 zake za kuwalipa wanaomdai. Kumbe siku zote alikuwa na pa kulipia.

Akikataa, msipigane. Urithi ni jambo la Kadhi, Katiba yenyewe katika ibara ya 170 imeyaweka hayo kwake pale wote walio Waislamu wanapokubali kusikilizwa naye. Mara nyingi mjomba akilitaja hilo kwa utulivu, safari ya kwenda haihitajiki.

Mbuzi usiwataje kikaoni. Watu walikula wakashukuru, bibi harusi yuko kwake, na ukiwataja utaonekana umekuja kudai sifa.

Kuna moja ninalotaka ulifanye na ndugu yako peke yenu, bila mama, bila mjomba. Umeandika kwamba mikopo mingi ni ya usiku wa Jumamosi na Jumapili. Usiku huo maduka yamefungwa na mechi zinachezwa. Sisemi ndivyo, lakini mtu anayekopa hiki alipe kile, usiku wa mechi, wiki baada ya wiki, nashuku anacheza kamari ya simu. Muulize, na ukimuuliza usiwe umekunja uso. Kijana anayetaka aonekane ameangusha mbuzi wawili ilhali mfukoni hana kitu anaogopa sana kuonekana mdogo mbele ya watu, na mtu wa namna hiyo humwambia ukweli anayemuuliza faraghani. Akikiri, la kwanza si pesa. La kwanza ni afute hizo programu mbele yako, awaandikie wanaomdai kiasi anachoweza kwa mwezi, na simu ya mama isimkaribie. Akikana, umeuliza, naye amejua kwamba unaona.

Usimchukie. Ubinafsi wake alifunzwa tangu kile kipande cha nyama, nanyi nyote mlikuwepo mezani. Lakini kufunzwa si ruhusa ya kuendelea akiwa na miaka 31.

Limebaki la mume wako. Mshahara wako ni wako, na dini haimpi mume haki ya kuuhesabu. Lakini ulimwambia karo na haikuwa karo, na wale watu wakishakosa kwako na ofisini watatafuta namba nyingine, huenda ikawa yake. Asisikie kwao. Akirudi kutoka Malaba mwache ale, alale, kisha mweleze yote kwa mara moja, pamoja na kiasi cha advansi na mwezi itakapokwisha kukatwa. Akitaka kwenda Majengo kumkabili shemeji yake, mwombe asiende. Mwambie umeshampata mjomba, na siku ya kikao imeshapangwa.